Mfupa Ambao Haukuunga: Maisha ya Daktari David Livingstone



Karibuni tena, vijana wenzangu, kwenye mfululizo wetu wa maisha ya watu waliotutangulia. Hapa tumezoea kusoma watakatifu. Leo nawaletea mtu ambaye hakuwa Mkatoliki wala hayumo kwenye orodha ya watakatifu wetu, na nadhani mwenyewe angegoma kuwekwa humo. Ila mwili wake ulisafirishwa kwenye njia ya misafara iliyovuka mto wetu huu wa Ruvu, ukapumzishwa kwenye misheni ya Wakatoliki pale Bagamoyo, na mwisho wa safari ukatambuliwa kwa kitu kimoja: mfupa wa mkono uliovunjika na ukagoma kuunga kwa miaka 29.

Wengi wetu tunamjua Livingstone wa shule ya msingi. Mpelelezi, Ujiji, akakutana na Stanley, basi, mtihani umekwisha. Leo tumfuate kwa njia ya ule mfupa. Nina sababu yangu, na inawahusu vijana wengi wa hapa Kibaha, Mlandizi na Kisarawe ambao wamepita mikononi mwa madaktari wa mifupa na hawakutoka kama walivyotarajia.

Mtoto wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti. Familia yao ilikuwa ya hali ya chini kabisa, watu wengi kwenye chumba kimoja. Alipofikisha miaka 10 aliingizwa kwenye kiwanda cha pamba, kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kutoka kwenye mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Akawa anakiegesha juu ya mashine, akipita anasoma sentensi moja, akirudi anasoma nyingine. Wenzangu mnaolalamikia Kilatini mpo hapo?

Mwaka 1836 akaanza kusomea udaktari mjini Glasgow, na Novemba 1840 akapata leseni ya utabibu. Mwezi huohuo akawekewa mikono kuwa mchungaji wa chama cha wamisionari cha London. Mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Alikuwa na miaka 28, afya nzuri, na mikono miwili mizima.

Simba wa Mabotsa

Miaka mitatu baadaye alikuwa anaanzisha misheni mahali panapoitwa Mabotsa. Simba walikuwa wanawasumbua wanakijiji, wanakamata mifugo hata mchana. Tarehe 16 Februari 1844 watu wakatoka kuwasaka, naye akaenda nao. Akamwona simba mmoja nyuma ya kichaka, akafyatua risasi zote mbili za bunduki yake. Wakati anashindilia risasi nyingine, simba akamrukia, akamkamata karibu na bega la kushoto na kumtikisa kama mbwa anavyotikisa panya.

Baadaye alieleza kwamba wakati ule hakusikia maumivu wala hofu, alikuwa kama yuko ndotoni huku akiona kila kitu. Aliichukulia hali ile kuwa huruma ya Mungu kwa viumbe vinavyokaribia kufa.

Aliyemwokoa ni mwalimu Mwafrika aitwaye Mebalwe. Huyu alijaribu kumpiga simba risasi, na simba akamwacha Livingstone, akamgeukia Mebalwe na kumng'ata paja. Mtu mwingine akaja na mkuki, naye akang'atwa bega. Ndipo zile risasi za kwanza zikafanya kazi yake, simba akaanguka na kufa. Tusipite haraka hapa: watu wawili waliumia kwa ajili ya mwenzao, na mmoja wao hata jina lake vitabu vingi havilitaji.

Livingstone alibaki na alama 11 za meno, na mfupa wa juu wa mkono wa kushoto, ule ulio kati ya bega na kiwiko, ulikuwa umesagika.

Kwa nini haukuunga?

Mfupa ukivunjika, mwili wenyewe huanza kujenga daraja la mfupa mpya kati ya vipande viwili. Kazi ya daktari ni kuusaidia mwili ufanye hiyo kazi. Mambo manne yanahitajika: vipande vigusane, vitulie, damu ifike, na wadudu wasiingie kwenye kidonda. Likikosekana moja, ujenzi unaweza kusimama katikati.

Mfupa wa Livingstone ulikosa karibu yote. Ulipondwa vipande vipande. Kidonda kilikuwa wazi, kimeingia mate na uchafu wa mdomo wa mnyama. Daktari pekee wa karibu alikuwa mgonjwa mwenyewe, yaani Livingstone alilazimika kuwaelekeza wenzake namna ya kumfunga. Na tuangalie tarehe. Dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, miaka miwili baadaye. Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuua wadudu wa vidonda kwa dawa mwaka 1867. Picha ya eksirei ilipatikana 1895. Mwaka 1844 hapakuwa na kimoja kati ya hivyo. Mvunjiko wa namna ile, wenye kidonda wazi, mara nyingi uliisha kwa kukatwa kiungo au kwa kifo.

Yeye hakukatwa mkono na hakufa. Vidonda vilifunga. Lakini mfupa, bwana, ulikataa. Daraja linapotikiswa kila siku kabla halijakomaa, mwili hujaza nyama ngumu kati ya zile ncha mbili badala ya mfupa, na mkono unaanza kucheza mahali ambapo haukuumbwa kucheza. Madaktari hukiita kiungo cha uongo. Kwa nje unaona mkono, kwa ndani kuna bawaba ambayo Mungu hakuiweka.

Toka siku ile Livingstone hakuweza kuinua mkono wa kushoto juu ya bega bila shida. Hata bunduki alilazimika kujifunza upya, akiiegemeza bega la kushoto na kulenga kwa jicho la kushoto, ili mkono mzima ndio ushike uzito wa mbele.

Alipokwenda kupumzika Kuruman, kwenye misheni ya mzee Moffat, akampenda binti wa mzee, Mary. Wakafunga ndoa Januari 1845. Ukiamua kuhesabu mema yaliyotoka kwenye meno ya simba, hilo ndilo la kwanza.

Mkono mbovu, miguu mizima

Sasa, safari zote tunazozisoma shuleni zilifanywa na mtu mwenye mkono huo. Alivuka Afrika kutoka Luanda kwenye bahari ya Atlantiki hadi Quelimane kwenye Bahari ya Hindi, akamaliza mwaka 1856. Njiani, Novemba 1855, aliona maporomoko ambayo wenyeji walishayaita Mosi-oa-Tunya. Mwaka 1858 akarudi na msafara wa mto Zambezi. Mwaka 1866 akapitia Zanzibar, akashukia pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, upande wa Mikindani, na kuanza safari ya mwisho. Ile ndiyo hakurudi.

Na nisimpake rangi. Mke wake aliteseka sana. Alivuka naye jangwa akiwa na watoto wadogo, mtoto mmoja mchanga akafa 1850, yeye na watoto wakapelekwa Uingereza kuishi kwa kubahatisha, na aliporudi kumfuata mumewe alifariki Shupanga mwaka 1862. Msafara wa Zambezi ulijaa ugomvi, na serikali yake ikaurudisha nyumbani. Alipinga biashara ya watumwa kwa nguvu zote, lakini alipoishiwa chakula na nguvu alisaidiwa na misafara ya wafanyabiashara haohao. Na wakoloni waliokuja baada yake walilitumia jina lake kama mlango. Haya yote ni kweli, na tunayasema.

Lakini lile la watumwa lilikuwa moyoni mwake kweli. Tarehe 15 Julai 1871, akiwa Nyangwe huko Manyema, aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakiwapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake. Barua zake kuhusu siku ile ziliwatikisa Waingereza. Serikali yao ikambana Sultani Barghash, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa Juni 1873. Livingstone hakuisikia habari hiyo. Alishakufa mwezi mmoja kabla.

Magoti

Alikuwa amekutana na Stanley Ujiji mwishoni mwa 1871. Stanley alimwomba warudi wote, akakataa. Walifika pamoja hadi Tabora, Stanley akaendelea pwani, na mwaka 1872 akamletea kikundi kipya cha wapagazi. Livingstone akarudi tena porini, kwenye mabwawa ya Bangweulu, Zambia ya leo, akitafuta chanzo cha mto Nile mahali ambapo hakikuwepo. Alikuwa anatokwa damu tumboni. Siku za mwisho alibebwa kwenye machela.

Walimfikisha kijiji cha chifu Chitambo. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, kwa hesabu inayotumika zaidi, kijana aliyelala kibandani mwake akaenda kuwaita wenzake. Wakaingia wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso ameuinamisha kwenye viganja, kama mtu anayesali. Wakasubiri kidogo wasimkatishe. Alikuwa ameshakufa.

Katika mwili ule wote uliochakaa, magoti ndiyo yaliyofanya kazi mpaka mwisho. Wacha hilo likae moyoni mwako kidogo, maana tutalirudia.

Waliombeba

Hapa ndipo mashujaa wangu wa kweli wanapoingia. Susi alitoka Shupanga. Chuma alikuwa Myao aliyefunguliwa kwenye mnyororo wa watumwa mwaka 1861. Jacob Wainwright, Myao pia, aliokolewa kutoka utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Hawa na wenzao, jumla zaidi ya watu 60, wangeweza kumzika palepale na kwenda zao. Hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakaamua mwili urudi kwao.

Moyo na viungo vya ndani wakavizika chini ya mti, Jacob akasoma ibada ya mazishi na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili wakautia chumvi na kuuanika juani kwa wiki mbili. Kisha wakaukunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakaufunga kwa kitambaa, wakauviringisha kwenye gome la mti na turubai, na kuanza kutembea.

Walitembea karibu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500. Tabora walikutana na msafara wa Luteni Cameron aliyetumwa kumtafuta Livingstone, naye akashauri wamzike hapo. Wakakataa. Mbele kidogo wakasikia kwamba wenyeji wa njiani hawataki maiti ipite kwao. Wakatengeneza mzigo wa bandia, wakaupeleka nyuma kana kwamba wameamua kwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa vitambaa vya biashara. Ukapita.

Njia kuu ya misafara kutoka Tabora ilivuka mto mmoja wa mwisho kabla ya Bagamoyo. Wazungu wa wakati ule waliuandika kwenye ramani zao kwa jina la Kingani. Sisi tunauita Ruvu. Ndiyo huuhuu unaotoka milima ya Uluguru, unaopita chini ya daraja la barabara ya Morogoro, unaotoa maji ya Mlandizi na ya Dar es Salaam. Watu walioitwa watumwa waliuvuka wakiwa wamembeba mtu huru, kwa hiari yao, bila wa kuwalazimisha.

Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu, chini ya padri Antoine Horner, walikuwa wameanzisha misheni pale mwaka 1868, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwalea watumwa waliokombolewa. Hawakuuliza dhehebu la marehemu. Mwili ukapumzishwa kanisani kwao kabla ya kupelekwa Zanzibar kwa meli, na mnara wa kanisa lile unaitwa mnara wa Livingstone hadi leo. Wenyewe husema jina Bagamoyo linatokana na kubwaga moyo. Moyo wa huyu ulishabaki mbali, chini ya mti wa Chitambo.

Susi na Chuma wakalipwa mishahara yao na kazi ikaisha hapo. Aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza ni Jacob peke yake. Hao wawili walialikwa baadaye, mazishi yakiwa yameshapita.

Mfupa unatoa ushahidi

London kulikuwa na mashaka. Miaka kadhaa nyuma walishatangaziwa kwamba Livingstone ameuawa, kumbe yuko hai. Safari hii limeletwa sanduku, ndani kuna mwili uliokaushwa kwa jua na kubebwa miezi tisa. Uso haukutambulika tena. Nani athibitishe kwamba ni yeye?

Aprili 1874 akaitwa Sir William Fergusson, daktari bingwa wa upasuaji. Huyu naye mfahamu kidogo. Zama zile mtu akiugua vibaya goti au kiungo kingine, tiba ya kawaida ilikuwa kukata mguu au mkono mzima. Fergusson alikuwa mstari wa mbele kati ya waliotetea kuondoa sehemu ya kiungo iliyooza tu na kuuacha mguu mahali pake, hata kama goti halitakunja tena. Wagonjwa wengi wa zama zile walikufa kwa usaha na homa baada ya upasuaji. Lakini hoja yake ilikuwa wazi: mguu usio kamili ni bora kuliko kutokuwa na mguu.

Basi daktari huyo hakuanza na uso. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto. Akaupapasa mfupa wa juu, na akakuta pale ulipovunjika, ncha mbili ambazo hazikuwahi kuungana, zinacheza chini ya vidole vyake. Kiungo cha uongo kikasema ukweli. Ni yeye.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey. Kati ya walioshika jeneza lake alikuwemo Jacob Wainwright.

Kwenye falsafa tulibishana muhula mzima juu ya kitu gani kinamfanya mtu aendelee kuwa yeye yule: ni kumbukumbu, ni mwili, ni roho? Kila mtu alikuwa na hoja yake. Fergusson hakuwa na muda wa muhula mzima. Mkono ungekuwa umepona vizuri, pengine asingekuwa na la kusema.

Sisi wa huku Ruvu

Sasa ile sababu yangu.

Sisi mafrateri tuna utume wa kutembelea wagonjwa. Wodi ya mifupa ndiyo inayojaa vijana. Barabara ya Morogoro hailali, malori hayalali, na bodaboda ndizo zinazowalisha watu. Unakuta safu nzima ya watu wa umri wangu, mmoja ana hogo mpaka pajani, mwingine ana vyuma vimetokeza nje ya mguu kama antena. Tunashukuru Mungu kwamba nchi yetu ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, tangu 1996, na kwamba leo kuna kuwekewa chuma ndani ya mfupa, hata kubadilishiwa goti zima. Livingstone angeona haya angedhani ni miujiza.

Lakini upasuaji kufanyika ni jambo moja, na matokeo ni jambo jingine. Goti ni kiungo kigumu. Limebeba mwili mzima na linatakiwa likunje vilevile. Unaweza kupasuliwa vizuri kabisa na bado kidonda kikaingia usaha. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Mfupa unaweza kuchelewa kuunga, hasa kwa mvutaji sigara. Na hata ukiunga, goti lililokaa miezi bila kukunjwa linakakamaa, na kulirudisha ni kazi ya jasho na machozi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Kuna kijana mmoja, nisimtaje, dereva wa bodaboda, alivunjika mguu karibu kabisa na goti. Alipasuliwa, mfupa ukaunga, kidonda kikafunga. Goti linakunja nusu tu. Kabla ya ajali alikuwa mtumishi wa altare, na sasa wakati wa mageuzo kanisa zima linapiga magoti, yeye anabaki amekaa, mguu ameunyoosha mbele. Aliniambia haimuumizi goti kama inavyomuumiza hiyo dakika. Anahisi watu wanamwona ana dharau. Halafu kuna mtu mtaani kwao alimwambia kwamba angekuwa na imani ya kutosha lingekunja, na kwamba kuendelea na mazoezi ya hospitali ni kumtilia Mungu shaka. Akaacha kwenda kliniki.

Kwa ajili ya huyo na wenzake ndiyo nimeandika makala hii.

Kwanza lile la kanisani. Mama Kanisa anaagiza tupige magoti wakati wa mageuzo, na hapohapo anamwondolea wajibu huo ambaye afya hairuhusu. Imo kwenye maelekezo ya Misale yenyewe. Anayekaa kwa sababu goti limekataa, roho yake imeshapiga magoti. Na wewe uliye mzima uliye nyuma yake, acha kumkodolea macho.

Pili, kliniki. Aliyeumba goti ndiye aliyempa mtaalamu akili ya kulikunja. Mazoezi ya kila siku kwa uvumilivu, huku unauma meno, ni sala yenye jasho. Livingstone alimwamini Mungu akaendelea kujifunga bandeji. Kidonda kikitoa usaha, goti likivimba na kuwa la moto, au ndama ya mguu ikiuma ghafla na kujaa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri ibada ya Jumapili.

Tatu, na hili ndilo gumu: vipi kama umefanya yote, dawa, mazoezi, novena, na bado hali haijakaa sawa?

Makovu ya Bwana

Mtume Tomaso hakumtambua Bwana mfufuka kwa sauti wala kwa sura. Alitaka alama za misumari na ubavu uliochomwa. Na Bwana akampa. Fikiria jambo hili, mpendwa: mwili uliotukuka, ambao mauti hauuwezi tena, ambao unaingia milango ikiwa imefungwa, bado una matundu. Baba angeshindwa kuyaziba?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino analichukua swali hilohilo kwenye Summa, sehemu ya tatu, swali la 54. Anajibu kwamba ilifaa makovu yabaki: ni alama za ushindi, yaliimarisha imani ya mitume, na Kristo anamwonyesha Baba makovu hayo anapotuombea. Na Mtakatifu Agostino, mwishoni mwa kitabu chake cha Mji wa Mungu, anawaza kwamba mbinguni huenda tutaona makovu ya mashahidi, na hayatakuwa kilema bali uzuri. Kiungo kilichokatwa kitarudishwa, ila alama itabaki.

Simaanishi kwamba ajali ni nzuri. Hapana. Mkono wa Livingstone ungepona, ningefurahi, na naamini yeye angefurahi zaidi. Kanisa linajenga hospitali kwa sababu maumivu ni kitu cha kupigana nacho. Ninachosema ni kwamba kovu lililobaki baada ya mapambano halikufanyi kuwa mtu ambaye sala yake ilikataliwa. Kwa Livingstone lilikuwa kitambulisho. Kwa Bwana wetu lilikuwa kitambulisho. Kwako nalo linaweza kuwa, kama hutalificha kwa aibu.

Na tena, Livingstone hakujifikisha London mwenyewe. Alibebwa. Mebalwe, Susi, Chuma, Jacob, na wengine ambao majina yao hatuyajui. Kijana mwenye goti lisilokunja anahitaji maneno machache na mabega mengi: wa kumpeleka kliniki Jumanne, wa kumpa lifti ya kanisani, wa kukaa naye kwenye benchi wakati wengine wamepiga magoti. VIWAWA na TYCS, hiyo ni kazi yenu.

Tafakari ya wiki

1. Nina jeraha gani, la mwili au la moyo, ambalo nimemwomba Mungu aliondoe na bado lipo? Nimewahi kumwonyesha bila kulionea aibu?

2. Kuna matibabu au mazoezi niliyoacha kwa kukata tamaa? Wiki hii nitarudi siku gani?

3. Nani jirani yangu anahitaji kubebwa kuvuka mto wake? Nimpigie simu leo.

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyefufuka ukiwa na makovu yako, watazame wote waliolala kwenye wodi za mifupa usiku huu. Iongoze mikono ya madaktari na wauguzi, wape wagonjwa uvumilivu wa mazoezi, na uwape mfupa unaounga na goti linalokunja. Na kama kuna alama itakayobaki, ifanye iwe mahali ambapo watu watakutambua wewe. Utujalie sisi wazima mabega ya Susi na Chuma. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa. Amina.